Mwisho ni Deni

Kila asimuliaye hadithi hujifunga kwa ahadi isiyoandikwa. Watu wa mwambao wa Afrika Mashariki huitamka ahadi hiyo kwa maneno mawili tu: msimulizi husema "Paukwa," na waliokaa kumsikiliza hujibu "Pakawa." Neno la kwanza ni ombi, la pili ni idhini. Aliyeomba akaidhiniwa amekwisha kukopa. Amekopa saa za watu, masikio yao na huruma yao. Malipo ya mkopo huo ni mwisho wa hadithi. Si lazima mwisho uwe mtamu, wala si lazima uwe ule uliotarajiwa, lakini ni lazima uwepo. Msimulizi ainukaye katikati ya usiku, akakung'uta nguo zake na kwenda zake huku shujaa yu kinywani mwa zimwi, hawezi kusema kuwa amepumzika. Amedhulumu.

Dhuluma ya namna hiyo imekuwa desturi katika sanaa moja ipendwayo mno na vijana wa dunia ya leo, wakiwamo wanafunzi wengi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, nayo ni sanaa ya anime, yaani filamu za picha za kuchorwa zitokazo Japani. Nyingi katika filamu hizo hutolewa katika manga, hadithi za picha zichapishwazo katika majarida sura baada ya sura, kisha zikakusanywa juzuu baada ya juzuu. Aghalabu filamu huanza kuonyeshwa kitabu kikiwa bado kinaandikwa, na aghalabu hukoma kitabu kikiwa bado kinaandikwa. Kukoma kabla ya kitabu si kosa kwa nafsi yake. Kosa ni kukoma bila ya kuisha. Baina ya kukoma na kuisha pana tofauti kama ile iliyo baina ya msafiri aliyefika na msafiri aliyeishiwa nauli.

Watetezi wa desturi hii ni wengi, na hoja zao si za kudharauliwa. Ziko tatu: ya kwanza ni ya hesabu, ya pili ni ya biashara, ya tatu ni ya sanaa. Kila moja yastahili kusikilizwa mpaka mwisho, maana hiyo ndiyo heshima ambayo hadithi zenyewe zimenyimwa.

Hoja ya hesabu husema hivi. Sura moja ya manga ya jarida la kila juma ina kurasa zipatazo ishirini. Mwandishi na wasaidizi wake hutoka jasho siku saba kuzichora. Sehemu moja ya filamu ya televisheni huchukua dakika zipatazo 24, pamoja na wimbo wa kufungulia na wimbo wa kufungia, nayo mara nyingi humeza sura mbili au zaidi. Vyote viwili hutoka mara moja kwa juma. Basi televisheni hula vyungu viwili wakati kalamu inapika kimoja, na hapana chakula kiwezacho kudumu kwa mwendo huo. Siku moja mlaji hufika jikoni akakuta jiko limepoa.

Mambo yakifika hapo, njia ni nne. Ya kwanza ni kungoja mpaka kalamu itangulie mbele tena. Ya pili ni kutia maji: kubuni visa visivyomo kitabuni ili kupitisha majuma. Ndivyo ilivyofanyika katika Naruto ya kwanza, iliyoonyeshwa tangu mwaka 2002 hata 2007 kwa sehemu 220. Katika kipande chake cha mwisho watazamaji walipewa makumi ya sehemu mfululizo ambazo Masashi Kishimoto hakuziandika katika kitabu chake. Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hapa maji yalikuwa mengi kuliko tembo. Njia ya tatu ni kuibunia filamu mwisho wake yenyewe. Ya nne ni kukata.

Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini haithibitishi kile watetezi wanachotaka kuthibitisha. Yathibitisha kwamba njia itakwisha; haithibitishi kwamba msafiri ana haki ya kuwatelekeza abiria porini. Tena si jambo la ghafula. Mwaka wa televisheni ya Japani hugawanywa misimu minne, Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na kila msimu una sehemu zipatazo 12 au 13. Hata kama mafanikio yaweza kuongeza misimu mingine baadaye, watayarishaji huanza kazi wakijua ni sehemu ngapi walizopewa. Fundi aliyepewa mifuko kumi na miwili ya saruji hajengi nguzo za ghorofa tatu kisha akaziacha zikinyeshewa na mvua. Hujenga nyumba ndogo yenye paa. Uchache wa saruji ni udhuru wa udogo wa nyumba. Kwa kukosekana paa, udhuru hauko.

Shahidi wa kwanza ni Fullmetal Alchemist. Hiromu Arakawa aliianza manga hiyo mwaka 2001 katika jarida la kila mwezi la Shonen Gangan, akaimaliza mwaka 2010, ikatimia juzuu 27. Studio ya Bones, chini ya mwongozaji Seiji Mizushima, ilianza kuonyesha filamu yake mwezi wa Oktoba 2003, kitabu kikiwa bado kichanga. Ilikuwa na sehemu 51 na mwaka mmoja, na ilikuwa wazi kwamba mwaka mmoja hautamkuta Arakawa amemaliza. Hakuna aliyekuwa na udhuru wa kukata kushinda wao. Walakini hawakukata. Kwa idhini ya mwandishi walishika njia yao wenyewe, nao wakaijenga tangu msingi.

Katika kitabu, viumbe waovu waitwao homunkulasi wana asili moja, baba mmoja aliyewatoa katika nafsi yake. Katika filamu ya 2003 wana asili nyingine kabisa: kila mara mtu ashikwapo na huzuni akajaribu kumfufua maiti wake kwa elimu iliyokatazwa, hushindwa, na katika kushindwa kwake huzaliwa kiumbe. Mabadiliko hayo moja yaligeuza maana ya hadithi nzima. Adui hakuwa tena mgeni atokaye nje. Alikuwa kosa la mapenzi lililopata uso, likarudi kumtafuta mkosaji. Na ile kanuni ya mabadilishano sawa, kwamba mtu hapati kitu ila kwa kutoa kitu cha thamani ileile, ilisemwa mwanzoni kama kweli isiyopingika, ikahojiwa njiani, na mwishoni ikaonekana ni faraja ya watoto wawili waliofiwa na mama. Alphonse anarudishiwa mwili wake, lakini anapoteza kumbukumbu ya miaka aliyotangatanga na ndugu yake. Edward anatupwa katika ulimwengu mwingine, Ulaya ya baada ya Vita Kuu ya kwanza. Mwisho huo ni mchungu, na wengi hawakuupenda. Lakini ni mwisho. Kila swali lililoulizwa katika sehemu ya kwanza lilijibiwa kabla ya taa kuzimwa.

Mwaka 2009 studio ileile ilianza upya, mara hii chini ya Yasuhiro Irie, ikakifuata kitabu kwa sehemu 64 na kumaliza mwezi wa Julai 2010, majuma machache baada ya sura ya mwisho kuchapishwa. Tangu hapo wapenzi wengi wa filamu ya pili huiita ya kwanza msaliti. Neno hilo halikuwekwa mahali pake. Msaliti ni yule aliyekula amana. Filamu ya 2003 ilikopa saa za watu ikazilipa kwa sarafu yake yenyewe. Filamu ya 2009 ilikopa ikalipa kwa sarafu ya Arakawa. Pande zote mbili hesabu zimefungwa. Wa kuitwa msaliti ni yule aliyekopa, akatoweka, na hata leo hajulikani alipo.

Mashahidi wengine wawili wana uzito zaidi, kwa kuwa wao ni waandishi waliojitengenezea filamu kwa mikono yao. Hayao Miyazaki alianza kuichora Kaze no Tani no Nausicaä mwaka 1982, akaiongoza filamu yake mwaka 1984, na kitabu hakukimaliza ila mwaka 1994. Filamu ilichota takriban juzuu mbili za mwanzo kati ya saba. Mtu huyo alijua kuliko mtu yeyote kwamba hadithi yake haijaisha, lakini hakuwaambia watazamaji wangoje miaka kumi. Alitengeneza mwisho wenye kutosha filamu: binti anasimama mbele ya wadudu wakubwa waliopandwa na hasira, anakufa, wanamfufua, na bonde linaokoka. Miaka kumi baadaye kitabu kilifika pengine kabisa, mahali pa giza zaidi, ambapo binti yuleyule anaangamiza mbegu za wanadamu wapya zilizowekwa akiba na watu wa kale, kwa sababu anachagua kuwa upande wa walio hai katika dunia iliyochafuka. Miisho miwili, mwandishi mmoja, na hakuna uliomwonea haya mwenziwe.

Katsuhiro Otomo alifanya vivyo hivyo. Akira ilichapishwa tangu 1982 hata 1990, ikatimia juzuu sita nene. Filamu yake ilitoka mwaka 1988, miaka miwili kabla ya kitabu kuisha, ikabanwa katika saa mbili na dakika chache. Katika kitabu, Akira ni mtoto aliye hai atembeaye juu ya magofu ya mji. Katika filamu amebakia vipande ndani ya chupa za wataalamu. Otomo hakuona kwamba heshima ya kitabu chake yamlazimisha kuicha filamu bila mwisho. Ikiwa wenye mali wenyewe waliona hivyo, ni nani aliyempa mkodishaji haki ya kuona vingine?

Na kungoja kunawezekana pia. Filamu ya Attack on Titan, manga ya Hajime Isayama, ilionyeshwa kwanza mwaka 2013. Watayarishaji wakaiacha kalamu itangulie, wakangoja hata 2017 ndipo msimu wa pili ukatoka, wakabadilisha studio njiani, na mwezi wa Novemba 2023 wakafika mwisho, miaka miwili baada ya kitabu kufika wake. Watu walinung'unika kwa urefu wa safari, lakini walifikishwa. Basi hoja ya hesabu imekufa. Kilichobaki ni kuuliza kwa nini maiti yake yaendelea kubebwa.

Jibu limo katika hoja ya pili, nayo ndiyo hoja iliyo na nguvu kweli, kwa kuwa haisemwi kwa sauti kubwa. Filamu nyingi za anime hutayarishwa na kamati ya wenye fedha: mchapishaji wa kitabu, kampuni ya muziki, kituo cha televisheni, mtengenezaji wa vinyago, na wengineo. Kila mmoja hutia fungu lake na kutazamia faida yake. Mchapishaji hutazamia kwamba mtazamaji akipendezwa atanunua juzuu. Kwake yeye, filamu ikikatika mahali penye kiu kubwa haijaharibika. Imefanya kazi yake. Kiu ndiyo bidhaa. Mwisho uliotimia ungemshibisha mteja, na mteja aliyeshiba hapiti dukani. Ndiyo maana baada ya kukatika husemwa kwa utulivu, kana kwamba ni shauri la hekima: "Anayetaka mwisho na akasome kitabu."

Shauri hilo lina makosa matatu. Kosa la kwanza ni la uaminifu. Tangazo la biashara si haramu, lakini tangazo hujitambulisha kuwa tangazo. Halimwombi mtu saa kumi za maisha yake. Na filamu ya sehemu 26 huomba saa kumi. Halimwombi amlilie mtu asiyekuwapo. Mwuzaji wa halua huonjesha kipande kidogo, na aonjaye hujua kwamba anaonja. Amkaribishaye mgeni karamuni, akamnawisha mikono, akamwekea sinia, na mgeni anapofika katikati ya wali akaliondoa na kumwelekeza hotelini, huyo haonjeshi. Amemwita mtu kwa jina la ukarimu akamtendea mambo ya soko.

Kosa la pili ni dharau kwa sanaa yenyewe. Aambiaye watu wakasome kitabu adhani kwamba filamu ni ganda na kitabu ni kiini. Lakini filamu ina vitu ambavyo kitabu hakina: mwendo, rangi, sauti ya binadamu, muziki, na ule ukimya wa kipimo ambao mwongozaji huuweka baina ya neno na neno. Aliyeanza kuijua hadithi kwa vitu hivyo hawezi kuumalizia uchungu wake kwa vitu vingine, kama vile aliyeanza kuusikia utenzi ukiimbwa asivyoridhika kukabidhiwa karatasi katikati ya beti. Tena iko jasho la wachoraji, ambao uchache wa malipo yao, hasa walio wachanga, umelalamikiwa huko Japani kwa miaka mingi. Watu hao huchora maelfu ya picha kwa sehemu moja. Kuifanya kazi yao kibao cha kuonyesha njia ya duka la vitabu ni kuwadhulumu mara ya pili.

Kosa la tatu ni la kusahau kwamba dunia ni pana. Mtazamaji wa Tokyo huenda dukani akanunua juzuu inayofuata. Mtazamaji wa Mombasa au Morogoro asiyejua Kijapani hana budi kutegemea tafsiri, na tafsiri iliyopo kwa kawaida ni ya Kiingereza, juzuu moja moja, kwa bei ya kitabu cha kigeni. Manga ya juzuu 27 si ushauri kwake; ni mlima. Filamu ilimfikia kwa sababu picha na sauti huvuka bahari kwa wepesi. Iliyomfikia ikamkopa, basi na imlipe palepale ilipomkopea.

Huenda mtu akasema kwamba kukata hadithi ili kuuza kesho ni ustadi wa kale, na kumtaja Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela, aliyekata kila alfajiri ili aishi siku ya pili. Mfano huo wamgeukia mwenye kuutoa. Shahrazadi alikata kila alfajiri, na kila usiku alirudi akalipa kabla hajakopa tena. Gazeti la Kiswahili lililochapa hadithi kwa mfululizo liliweka chini ya safu neno moja, "Itaendelea," na neno hilo ni hati ya deni yenye sahihi. Kukata namna hiyo ni kuahirisha malipo. Anime iliyokatwa haiahirishi. Yafunga duka usiku, na asubuhi mdai hukuta kufuli.

Hoja ya tatu ni ya sanaa, na husemwa na watu wenye nia njema. Husema kwamba mwisho wa kubuni ni mbaya kuliko kutokuwa na mwisho. Hutaja Claymore, manga ya Norihiro Yagi iliyoendelea tangu 2001 hata 2014. Filamu yake ya mwaka 2007, yenye sehemu 26, ilibuniwa mwisho wa haraka, na adui aliyetafutwa tangu mwanzo akaachwa hai. Hutaja zaidi The Promised Neverland, hadithi ya Kaiu Shirai iliyochorwa na Posuka Demizu. Msimu wake wa pili, wa mwaka 2021, uliruka visa vikubwa vya kitabu, ukakimbia kwa sehemu 11, na mambo ya mwisho yakapitishwa mbele ya macho ya watazamaji kama picha za ukutani zisizotembea. Je, si afadhali wangekata?

Mfano wa pili ni mzuri kuliko watoaji wake wanavyodhani. Kitabu cha The Promised Neverland kilikwisha mwaka 2020 katika juzuu 20. Msimu wa pili ulipoonyeshwa, kalamu ilikuwa imekwisha kuwekwa chini na karamu yote imekwisha kuiva. Hakuna hesabu iliyowalazimisha. Kilichoiua hadithi hiyo ni haraka, na haraka haina baraka. Tena na atazamwe msimu wa kwanza wa filamu hiyohiyo, wa mwaka 2019. Una sehemu 12, na unafuata sura 37 za mwanzo tu. Unakoma mbali sana na mwisho wa kitabu. Lakini unaanza na watoto waliofungwa ndani ya makao ya yatima wasiyoyajua kuwa ni zizi, na unakoma watoto wakiwa wameuruka ukuta, wanaliona jua la nje kwa mara ya kwanza. Swali lilikuwa, "Je, watatoka?" Jibu ni, "Wametoka." Filamu moja ndani yake imebeba mfano wa kukoma kwa wema na mfano wa kumaliza kwa ubaya, na yote mawili yathibitisha jambo moja: ukamilifu haupimwi kwa idadi ya sura zilizomezwa.

Mfano mwingine ni Hunter × Hunter ya Yoshihiro Togashi, iliyoonyeshwa kwa sehemu 148 tangu 2011 hata 2014. Kitabu chake kiliendelea mbele baada ya hapo, kwa kusimama na kuondoka. Lakini Gon alitoka kwao kumtafuta baba yake, na katika sehemu ya mwisho ameketi naye juu ya kilele cha Mti wa Dunia wakizungumza. Dunia ya hadithi yabaki na mambo mengi ya kusimuliwa, kama ilivyo dunia yenyewe. Lakini ahadi ya siku ya kwanza imetimizwa. Wale wasemao kwamba maisha hayana mwisho, na kwa hiyo hadithi zisidaiwe mwisho, wangetazama hapo. Mlango ulioachwa wazi kwa makusudi ni sehemu ya nyumba. Tundu lililoachwa kwa sababu fundi hakulipwa ni tundu.

Iko filamu moja inayoleta ugumu wa kweli, nayo ni Berserk ya mwaka 1997, yenye sehemu 25, iliyotolewa katika manga ya Kentaro Miura iliyoanza mwaka 1989. Sehemu ya kwanza yamwonyesha Guts akiwa mpiganaji mpweke, mwenye jicho moja na mkono wa chuma. Sehemu zinazofuata zarudi nyuma kueleza jinsi alivyofikia hali hiyo. Na filamu yakoma katikati ya machinjo ya wenzake, bila kuonyesha namna alivyookoka. Watetezi husema kuwa hapo pana duara: mwanzo ndio mwisho. Hoja hiyo ni ya haki nusu. Mtazamaji ajua kwamba Guts aliishi, kwa hiyo hakudhulumiwa kila kitu. Lakini duara hilo lina pengo, na pengo liko mahali palepale ambapo maumivu ni makubwa na msaada wa msimulizi wahitajiwa zaidi. Ni deni lililolipwa nusu, na nusu iliyolipwa haimfuti mdaiwa katika daftari.

Yaliyoipata manga hiyohiyo baadaye ndiyo hukumu ya shauri hili. Miura alifariki mwezi wa Mei 2021, umri wake miaka 54, na kitabu chake hakijaisha. Hapana udhuru wa kukata uliozidi huo. Mauti ni udhuru usiojibiwa. Hata hivyo mwezi wa Juni 2022 kazi ilianza tena kuchapishwa, ikichorwa na wanafunzi wake wa Studio Gaga chini ya usimamizi wa Kouji Mori, rafiki yake tangu ujana, ambaye Miura alikuwa amemsimulia hadithi mpaka mwisho wake. Mori aliwaahidi wasomaji kwamba ataandika yale tu aliyosimuliwa. Yeye hakuikopa hadithi ile. Aliyeikopa alikuwa kaburini. Lakini alijua kwamba hadithi iliyokwisha kuanzwa ina wadai, na kwamba mtu akiujua mwisho wake ameshika amana. Ikiwa rafiki wa marehemu aliliona deni hilo kuwa zito kiasi cha kulibeba, kamati ya watu walio hai, wenye mikataba na mahesabu, yasema nini?

Watasema kwamba hadithi zilizokatwa huja kutengenezwa upya. Ni kweli kwa baadhi. Fruits Basket ya Natsuki Takaya ilipewa filamu ya sehemu 26 mwaka 2001, kitabu kikiwa hakijaisha. Ikaanzwa upya mwaka 2019 na kufikishwa mwisho mwaka 2021 kwa sehemu 63. Jambo hilo ni la kushukuriwa, lakini si la kujitetea kwalo. Mtoto wa miaka kumi na miwili wa 2001 alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na miwili mwisho ulipomfikia. Na kwa kila moja iliyorudishwa ziko nyingi zilizopewa msimu mmoja, zikakoma kwa picha ya shujaa akiutazama upeo wa macho, na wa pili hata leo haukutangazwa wala haukukanushwa. Kimya hicho ndicho sura mpya ya kosa la kale. Zamani hadithi ilikatwa kwa kisu. Siku hizi huachwa ife kwa njaa, ili asiwepo wa kuitwa mwuaji.

Sehemu ya lawama ni ya wasomi. Wenye kuandika juu ya filamu zilizotolewa vitabuni wamezoea kuuliza swali moja: je, filamu imekifuata kitabu? Kwa kipimo hicho filamu iliyokifuata kitabu neno kwa neno kwa sehemu kumi na mbili kisha ikakatika hupata sifa ya uaminifu, na filamu iliyojibunia mwisho wake huitwa mwasi. Kipimo hicho kimepinda. Tenzi nyingi za kale hutokana na visa vilivyosimuliwa kabla katika lugha nyingine, na hakuna mwenye akili anayemlaumu mshairi kwa kuchagua mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia. Lakini mshairi huyo alijua kufunga: alisema tamati, aghalabu akataja jina lake, na pengine mwaka na hesabu ya beti zake, ili msikilizaji ajue kwamba kazi imetimia na ni nani wa kuulizwa. Swali la kwanza la mhakiki liwe: je, kazi hii ina tamati? Likikosa jibu, sifa nyingine zote, za rangi, za muziki, za uaminifu, ni mapambo juu ya mlango usio na nyumba.

Na wadaiwa wadaiwe mambo matatu yasiyozidi uwezo wao. Kwanza, wachague mahali pa kukomea kabla ya kuchora picha ya kwanza, na mahali hapo pachaguliwe na hadithi, pasichaguliwe na kalenda. Pili, kama kitabu hakina mahali pa namna hiyo karibu, wampe mwandishi wa filamu ruhusa ya kuumba mwisho, wakimshirikisha mwenye kitabu, kama alivyoshirikishwa Arakawa. Tatu, kama hawawezi la kwanza wala la pili, waseme wazi katika sehemu ya kwanza kwamba hii ni ngano isiyo na mwisho. Hapo atakayejibu "Pakawa" atajibu kwa hiari yake, akijua analolitoa na asilotazamia kulipata.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Hakuna aliyezilazimisha kamati hizo kuvua nguo. Waliona maji, wakaona watu wamekusanyika ukingoni, wakavua mbele ya macho yao na kupokea makofi. Sasa wanazikusanya nguo zao wakiwa wakavu, na kuwaambia watu kwamba habari za maji zinauzwa dukani.